Usipoona Kijani, Pita

Mama Pole alipanda ngazi za jengo la maabara akihesabu vidato, na hakuwa anavihesabu kwa ajili ya upelelezi. Alikuwa anayahurumia magoti yake. Vilikuwa arobaini na viwili. Lifti ilikuwepo, imebandikwa karatasi ya MBOVU iliyoanza kugeuka njano, na yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisi ya umma anajua kwamba karatasi ya namna hiyo ikishageuka njano, lifti yenyewe imeshastaafu.

Cheo chake kilikuwa Inspekta. Mama Pole ni jina alilopewa na mahabusu, kwa sababu kabla ya kumuuliza mtu swali lolote alianza kwa kumpa pole. Wengine walicheka, wengine walilia, na wengi walisema ukweli ili tu aondoke akapumzike.

"Afande," Koplo alisema nyuma yake, anahema kama aliyebeba gunia, "hii kesi si imeisha? Mtu amekiri. Amesaini. Kilichobaki ni nini?"

"Ingekuwa imeisha ningekuwa nimekaa," Mama Pole alisema. "Unaniona nimekaa?"

Faili lilikuwa kwapani mwake. Ndani yake fundi wa maabara, mzee wa miaka hamsini na tisa aliyebakiza miezi mitano kustaafu, alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba Jumanne, saa mbili kamili asubuhi, aliwasha mashine ya leza, akaiacha wazi, akatoka. Mtafiti mmoja wa kike akaingia, akachomwa jicho la kulia. Mwendesha mashtaka alilitaka faili mezani kwake kesho saa tatu. Likifika lilivyo, mzee angekwenda jela, na kiinua mgongo cha miaka thelathini na moja ya kazi kingeyeyuka.

Kilichomkera Mama Pole ni kwamba maelezo yalikuwa mafupi mno. Mwenye hatia hujieleza: alikuwa anaumwa, alipigiwa simu, shetani alimpitia. Huyu mzee aliandika mistari minne, akarudisha kalamu, akauliza atalala wapi.

Mlangoni walikuta kibao cha mbao. Maandishi yake yalichorwa kwa rangi ya kijani na mtu mwenye subira, aliyepiga mistari kwa rula kwanza: UKIONA KIJANI, SIMAMA. USIPOONA, PITA.

"Hawa watu nao," Koplo alisema. "Barabarani kijani ndiyo ruksa, kwao kijani ndiyo hatari. Dereva akija kusoma hapa si atagandia mlangoni mpaka wamfukuze shule?"

Mama Pole alicheka kidogo, akakata utepe wa polisi, wakaingia.

Chumba hakikuwa na dirisha. Katikati kulikuwa na meza ya chuma yenye matundu mengi ya skrubu, na juu yake sanduku refu jembamba lililounganishwa na mipira miwili ya maji ya kupoza. Mbele ya mdomo wa sanduku kulikuwa na kikasha kidogo chenye waya wa umeme na kipimajoto, halafu vioo vidogo vimesimama kwenye vigingi, kila kimoja kikimtazama mwenzake. Ubavuni mwa sanduku kulikuwa na kihesabu chenye tarakimu nyeupe, kama kile cha kilomita kwenye gari kuukuu.

"Koplo, soma hiyo namba. Usiguse."

"Milioni nne, laki moja, thelathini na sita elfu, mia mbili."

"Iandike na saa uliyoisoma."

Kwenye dawati la pembeni kulikuwa na daftari lenye jalada gumu. Kila siku ilikuwa na mistari yake: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, namba. Na pembeni ya kila siku palibandikwa kipande cha risiti ya duka chenye doa jeusi katikati, limeungua duara.

"Wanachoma risiti," Mama Pole alisema.

"Labda ndiyo namna yao ya kukwepa kodi," Koplo alijibu.

Mstari wa mwisho ulisema: Jumatatu, saa kumi na moja jioni, nimezima. 4,118,200. Ya Jumanne haikuandikwa. Mama Pole aliinama kwa shida, akachungulia kapu la taka. Lilikuwa na kitambaa cha kufutia vioo, ganda la peremende, na risiti moja iliyokunjwa mara mbili yenye doa jeusi kama wenzake. Akaitia kwenye mfuko wa vidhibiti kwa sababu ndiyo kazi, akaandika "kapu la taka" juu yake, akaiweka mkobani.

Koplo alikuwa anafungua droo za mzee. "Afande! Njoo uone."

Ukutani palikuwa na misumari mitatu ya kutundikia miwani ya kinga, na wa tatu ulikuwa mtupu. Miwani yake ilikuwa droo ya chini, imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Kaificha," Koplo alisema, macho yanamng'aa. "Binti alikuja kutafuta miwani akakosa. Hapa tumemshika vizuri."

Mama Pole aliikunjua. Mkono mmoja wa miwani ulikuwa umevunjika. Ulikuwa umezungushiwa uzi mweusi kwa ustadi, na kichupa cha gundi kilikuwa pembeni yake. Ukutani, miwani miwili mizima ilikuwa inaning'inia, haijaguswa na mtu.

"Anayeficha kitu hakishoni kwanza," alisema. "Rudisha. Twende hospitali."

*

Mtafiti alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa ameketi kitandani, jicho la kulia limefunikwa. Mama Pole alivuta kiti, akakaa, akasema pole, na binti akageuza kichwa upande mwingine kabisa kumtafuta.

"Umekaa upande wangu mbaya, mama. Hamia huku."

Mama Pole alihamia upande wa pili. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kwenye korido kwamba katikati ya lile jicho hapatarudi. Ataona kando kando. Akimtazama mtu usoni, uso ndio utakaokosekana.

"Nieleze Jumanne, mwanangu. Taratibu."

"Niliingia saa mbili na dakika tano hivi. Taa ya mashine ilikuwa inagonga. Tik, tik, tik."

"Hukuogopa?"

"Inagonga kila asubuhi. Mzee huiwasha mapema ipate moto, lakini kipazia cha mdomoni hukiacha kimefungwa, mwanga hautoki. Niliangalia ukutani mwisho wa meza, hakuna kijani. Nikajua kipazia kimefungwa, basi. Nikainama kufuta kioo cha pili."

"Miwani?"

"Ilikuwa ukutani. Sikuona haja. Hakukuwa na kijani."

"Halafu?"

"Nilisikia *pa!* ndani ya jicho. Sikuona mwale, sikuona chochote, mama. Nilisikia tu, kama kipunje cha mahindi kinapopasuka kwenye kikaango. Halafu katikati pakawa peusi. Nikakaa chini."

"Nani aliingia kwanza baada ya hapo?"

"Mzee. Aliingia anahema, begi bado begani, chakula chake cha mchana kikamwagika sakafuni. Akazima mashine, akanishika. Saa mbili na dakika kumi akapiga simu ya gari la wagonjwa, niliisikia anavyoitaja saa." Alivuta shuka. "Mama, eti mmemfunga?"

"Amejifunga mwenyewe. Amesaini kwamba aliwasha yeye."

"Mzee wangu hawezi. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu pale. Hata kukunja waya nilikunja vibaya, akanikunjulia mara mia moja bila kununa."

"Mkuu wa maabara ulimwona asubuhi hiyo?"

"Nasikia alikuja saa tatu, na wageni. Nilikuwa nimeshaondoka."

Mama Pole aliandika "begi begani" akalipigia mstari.

*

Mchana mzee aliletwa maabara na askari wa mahabusu, amefungwa pingu kwa mbele. Alikuwa mwembamba, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo mpaka shingoni. Mbele ya mlango alisimama, akainamisha kichwa, akapita chini ya kile kibao bila kukitazama.

"Pole, mzee," Mama Pole alisema, akamfungua pingu. "Nataka unionyeshe mashine. Mimi kwenye sayansi nilitoka sifuri, kwa hiyo nieleze kama unavyomweleza mjukuu."

Mzee alisugua vifundo vya mikono. Alipogusa sanduku, mabega yalimshuka kidogo, kama mtu aliyefika kwake.

"Humu ndani kuna taa na kuna fuwele, kijiti chembamba cha kioo cha rangi ya waridi. Taa inapiga mmweko, fuwele inashiba mwanga, halafu inautapika wote kwa mpigo mmoja. Gawa kupepesa jicho mara milioni kumi. Kipande kimoja cha hapo ndio urefu wa mpigo."

"Na mwanga huo ni wa kijani?"

"Hapana, mama. Huo hauna rangi. Umeupita wekundu kidogo tu, lakini umeshalishinda jicho. Hauonekani." Aligonga kile kikasha chenye waya. "Kijani kinapikwa hapa. Humu kuna fuwele ya pili. Inachukua chembe mbili za mwanga usioonekana, inaziunganisha zinakuwa moja, na hiyo moja ndiyo kijani. Lakini ni mpishi mwenye maringo. Lazima apashwe moto kwanza, zaidi ya nusu saa. Akiwa baridi hapiki."

"Akiwa baridi, mwanga unazimika?"

Mzee alitupa jicho mlangoni. "Hauzimiki. Unapita mbichi, kama ulivyoingia, na nguvu zake zote. Huuoni, lakini jicho linaukusanya ndani kama kioo cha kukuza kinavyokusanya jua."

Koplo, aliyekuwa ameegemea meza, aliondoka kwenye meza.

"Tuonyeshe mpigo mmoja," Mama Pole alisema.

Mzee aligawa miwani, ile yenye uzi akaibakiza mwenyewe, akaikagua ya kila mtu usoni, akamkaza Koplo kamba nyuma ya kichwa. Askari alitolewa nje. "Nipe risiti," mzee alimwambia Koplo. "Yoyote uliyonayo mfukoni. Karatasi yake haipendi joto, inageuka nyeusi hapo hapo. Ndiyo tunavyojua mwanga umekaa sawa. Kila anayewasha lazima aichome moja kabla ya kitu kingine chochote."

Koplo alitoa risiti ya soda. Mzee aliibana mwisho wa meza, akageuza ufunguo, akasubiri, akafungua kipazia, akabonyeza mara moja.

Hakuna kilichoonekana. Palikuwa na mlio mkavu, *pa!*, na katikati ya risiti pakatokea doa jeusi lenye moshi kidogo.

"Mama yangu!" Koplo alisema. "Kimetoka wapi?"

Mama Pole alikuwa anatazama doa. Aliashiria kwa mkono mashine izimwe, akavua miwani, akaketi. Ndiyo, aliketi sasa.

"Mashine inapiga mara ngapi kwa sekunde ikiachwa?"

"Kumi."

"Na kihesabu kinaweza kurudishwa nyuma?"

"Hata kiwandani hawawezi."

"Koplo, tulichosoma asubuhi toa cha Jumatatu jioni."

Koplo alibonyeza simu. "Elfu kumi na nane kamili."

"Gawa kwa kumi, halafu kwa sitini."

"Dakika thelathini."

"Mzee, ulizima saa ngapi Jumanne?"

"Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Nilizima ndipo nikapiga simu."

"Basi iliwashwa saa moja na dakika arobaini. Kwenye maelezo yako umesema uliiwasha saa mbili kamili. Umekosea dakika ishirini, mzee, wewe unayeandika dakika kwenye daftari hili mwaka hadi mwaka." Alisema bila ukali, kwa sababu ukali unataka nguvu. "Aliyewasha mashine anajua aliiwasha saa ngapi. Wewe umekisia."

Mzee alitazama mikono yake.

Mama Pole alitoa mkobani ule mfuko wa vidhibiti, akainyoosha risiti ndani yake kwa kidole. Doa lilikuwa lilelile, duara lilelile. Juu ya doa palisomeka: kituo cha mafuta, Jumanne, 07:12. Saa moja na dakika kumi na mbili. Nyuma, mhudumu wa pampu alikuwa ameandika namba ya gari kwa kalamu, kama wanavyofanya kwa magari ya ofisi.

"Mzee, una gari?"

"Hata baiskeli sina."

"Hii risiti ni ya nani?"

Aliisoma namba, akaitambua, na Mama Pole akaona anavyoitambua.

"Unamlinda?"

"Yule?" Kwa mara ya kwanza sauti ya mzee ilipanda. "Yule simlindi! Sikujua hata kama aliingia. Nilikuta mashine inawaka, binti yuko chini, na ufunguo wa akiba umening'inia. Sikuuliza ni wa nani. Sikutaka kujua."

"Sasa kwa nini usaini kosa la mtu mwingine? Una wazimu?"

"Kile kibao nilichora mimi."

Mama Pole alingoja. Hiyo kazi aliijua.

"Kulikuwa na mashine ya zamani," mzee alisema. "Mpishi wake hakuwa na maringo. Ukiwasha tu, kijani hicho hapo. Nikatunga ule usemi, nikamfundisha kila aliyepita mlango huu. Ukiona kijani simama, usipoona pita. Miaka yote hiyo hakuumia mtu hata ukucha. Halafu miaka minne iliyopita ikaja hii. Siku ya kwanza tu nilijua kibao sasa kinasema uongo. Nikasema nitakiondoa kesho. Kesho yake maji yakavuja. Nikasema kesho. Sandpepa ya kukwangulia maandishi nilinunua, mama, ipo droo ya juu, haijafunguliwa." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Binti aliniamini. Jicho nimelitoa mimi. Aliyewasha kawasha tu."

"Koplo," Mama Pole alisema, "kafungue droo ya juu."

Sandpepa ilikuwepo, ndani ya nailoni yake.

*

Ofisi ya Mkuu wa maabara ilikuwa ghorofa hiyo hiyo, na ilikuwa na kiti cha wageni chenye mto. Mama Pole alikishukuru moyoni.

"Pole na kazi, Mkuu."

"Asante, Inspekta. Jambo la kusikitisha. Mzee wetu amechoka, tulimwambia apumzike mapema, akakataa." Alikuwa mtu wa suti, sauti laini. "Natumaini hamtamkandamiza sana."

"Jumanne ulifika saa ngapi?"

"Saa tatu. Nilikuwa na wageni waliokuja kuona mashine. Aibu niliyoipata siku hiyo, wee acha tu."

"Ufunguo wa akiba wa mashine unakaa kwa nani?"

"Ulipotea zamani."

"Uliokutwa kwenye mashine Jumanne?"

"Utakuwa wa mzee."

"Wa mzee ulikuwa kwenye begi lake. Tuliuorodhesha anapoingia mahabusu." Aliweka mfuko wa vidhibiti mezani. "Hiki ni nini?"

Mkuu aliutazama kwa mbali. "Ah, hayo ni mambo ya mzee. Huchoma risiti kujaribu mwanga."

"Risiti yoyote iliyoko mfukoni?"

"Naam, yoyote."

"Igeuze."

Aliigeuza. Akasoma namba ya gari lake. Mama Pole alisubiri, macho kwenye saa ya ukutani, na Koplo naye kwa busara akaacha kutafuna peremende yake.

"Hii inaweza kuwa ya dereva."

"Dereva wako, nimeuliza getini, yuko likizo tangu mwezi uliopita. Unaendesha mwenyewe. Umenunua mafuta saa moja na dakika kumi na mbili. Saa moja na dakika arobaini mashine imeanza kuhesabu. Ulichoma risiti yako, doa likatoka, kijani hakikutoka kwa sababu fuwele ni baridi. Mpaka hapo nimekosea?"

Mkuu alilegeza tai. Ilimchukua muda, lakini kweli ilikuja, kama inavyokuja siku zote, kwa sauti ndogo kuliko ile ya mwanzo.

"Nilitaka ipate moto kabla ya wageni. Kwa kawaida mzee angekuwa ameshaiwasha, siku hiyo akachelewa. Simu ikaita, mle ndani mtandao haushiki, nikatoka nje. Nilitoka dakika tano tu."

"Kipazia uliacha wazi?"

"Nilikuwa narudi."

"Ulirudi?"

"Simu iliendelea. Halafu nikaona gari la wagonjwa linaingia getini."

"Ukafanya nini?"

"Nilikaa kwenye gari," Mkuu alisema. "Mpaka saa tatu."

Mama Pole aliandika hayo yote. Kisha akamwambia Koplo amsomee Mkuu haki zake, kwa sababu yeye mwenyewe koo lilikuwa limekauka, na akainuka kwenye kile kiti kizuri kwa huzuni.

*

Mzee alikuwa anangoja kwenye korido, askari pembeni yake. Mama Pole alimweleza kwa kifupi. Mkuu amekiri. Kilichobaki ni yeye kufuta maelezo yake ya uongo leo hii, kabla ya faili kwenda, halafu arudi kwake kwa mkewe, akamalize miezi mitano yake.

"Nitafuta saa niliyosema na kuwasha nilikosema," mzee alisema. "Lakini kibao kiandikwe."

"Kibao kitapigwa picha. Ni kidhibiti."

"Picha haisemi kwamba nilijua miaka minne. Niandike mimi, kwa mdomo wangu. Na kabla ya hapo nataka nimwambie binti. Asilisikie mahakamani."

"Mzee, ukisema ulijua, chuo kinaweza kukushika kiinua mgongo. Unanielewa lakini?"

"Nimekuelewa, mama."

Kwa hiyo walikwenda tena hospitali, wote watatu, saa kumi alasiri, jua likiwa limeshapoteza hasira zake. Mzee aliingia wodini akiwa amebeba kofia mkononi, akasimama kando ya kitanda. Mtafiti hakugeuka. Alikuwa anatazama dirishani.

"Uko upande wake mbaya," Mama Pole alinong'ona.

Mzee alizunguka kitanda polepole. Binti alipomwona aliachama, akamshika mkono, na mzee akauondoa mkono wake kwa upole, akaanza kusema akiwa amesimama. Alisema habari ya mashine ya zamani, ya mpishi asiye na maringo, ya kesho na kesho, ya sandpepa. Hakuficha hata moja. Alipomaliza alibaki anaikunja kofia.

Binti aliinyoosha shuka magotini.

"Nilikuwa najua, babu," alisema.

"Ulikuwa unajua nini?"

"Kwamba fuwele ikiwa baridi mwanga unapita. Imeandikwa kwenye kitabu cha mashine, ukurasa wa kumi na moja. Nilikisoma wiki ya kwanza nilipokuja. Nikafikiri nimesoma vibaya. Kitabu kimeandikwa na watu nisiowajua. Kibao uliandika wewe."

Mzee alitafuta mahali pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kitanda, na machozi yakamtoka wazi wazi, bila kujifunika. Binti naye alilia, kwa jicho moja lililoweza na lile lililofungwa. Mama Pole alitazama ukuta. Kwa miaka yote ya kazi hajapata kuuzoea wakati huu, na mwenye kusema ameuzoea ni mwongo.

Baada ya kitambo mzee alipenga kamasi, akageuka.

"Haya, mama. Tuandike."

Mama Pole alikuwa amesimama tangu asubuhi isipokuwa mara tatu, na alizikumbuka zote tatu. Miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Maelezo kamili yangekuwa kurasa nne au tano, na kusomewa, na kusahihishwa, na sahihi kila ukurasa. Angeweza kumtuma Koplo. Angeweza kumpa mzee usiku mmoja wa kulala kwake na kufikiri vizuri, na pengine asubuhi angeamka na akili ya kunyamaza.

"Mzee, nimechoka," alisema. "Na wewe umechoka. Tutaandika ke—"

Mzee alimtazama tu.

Mama Pole aliliacha neno hapo hapo. Alivua viatu, akavisukuma chini ya kitanda, akavuta kiti upande mzuri wa binti, na akanyoosha mkono kwa Koplo ampe kalamu.